Lugha Iliyosalia: Kisa cha Uhura Masikioni mwa Wasemaji wa Kiswahili

Mtu atokaye katikati ya Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, akiisha kupita Kimara na Mbezi, hufika Kibamba kabla ya kuingia Mkoa wa Pwani kwa upande wa Kibaha. Zamani kata hiyo ilihesabiwa katika Wilaya ya Kinondoni, na sasa imo katika Wilaya ya Ubungo. Katika viunga vya jiji kama hivi, tangu miaka ya 1990, vilienea vibanda vya kuonyeshea video vinavyoitwa na watu vibanda umiza, jina ambalo mtu aliyekwisha kukaa saa mbili juu ya benchi la mbao hahitaji kufafanuliwa. Watazamaji wa vibanda hivyo walizoea jambo ambalo wageni hulistaajabia, nalo ni sauti ya msimulizi. Filamu hunena Kiingereza, Kihindi au Kichina, na msimulizi huisema upya kwa Kiswahili, akifasiri maneno, akieleza desturi za watu wa mbali, na mara nyingi akitia mzaha wake mwenyewe. Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kubwa kwa kazi hiyo. Mtazamaji aliyelelewa hivyo huijua hadithi ya kigeni kwa sikio kwanza, na kwa jicho baadaye.

Ipo sehemu moja ya tamthilia ya Kimarekani ambayo, kama ingeonyeshwa katika kibanda cha Kibamba, ingemlazimu msimulizi kunyamaza kidogo, kwa kuwa mhusika mwenyewe hunena Kiswahili. Sehemu hiyo huitwa "The Changeling", nayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani tarehe 29 Septemba 1967, katika tamthilia ya Star Trek iliyoendelea kuanzia 1966 hata 1969. Hadithi zake ni za kisayansi: merikebu ya anga iitwayo Enterprise husafiri miongoni mwa nyota katika karne ya ishirini na tatu, na mabaharia wake ni watu wa mataifa mbalimbali. Afisa wa mawasiliano ni mwanamke Mwafrika, Luteni Uhura, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiswahili. Aliyemwigiza ni Nichelle Nichols, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 2022.

Tanganyika ya zamani haikuiona sehemu hiyo ilipotoka. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963. Zanzibar ilianza katika miaka ya mwanzo ya 1970. Lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Kwa hiyo kisa hiki kilichosemwa kwa Kiswahili kilifika mwisho kwa wale ambao Kiswahili ni chao.

Kisa chenyewe ni hiki. Chombo kimoja kilichorushwa kutoka duniani kutafuta viumbe wa mbali kilipata ajali, kikaungana na chombo kingine cha kigeni, na tangu hapo kikajiona kuwa kimeagizwa kuangamiza kila kisicho kamili. Chombo hicho, kiitwacho Nomad, huingizwa katika merikebu. Humo humkuta Uhura akiimba. Hakielewi wimbo ni kitu gani wala una faida gani, basi humpekua akili yake ili kujua, na katika kumpekua huifuta yote. Uhura hubaki hai na mzima wa mwili, bali asiyejua kitu. Baadaye huonekana kitandani, muuguzi Chapel akimfundisha kusoma Kiingereza kwa kitabu cha watoto wadogo, chenye habari za mbwa na mpira. Uhura hukwama, hukasirika, na maneno yamtokayo ni ya Kiswahili. Muuguzi humkatiza kwa upole na kumwambia aseme kwa Kiingereza.

Habari za watazamaji walioungana na Uhura kwa moyo zimekwisha kuandikwa sana, lakini karibu zote ni habari za Amerika. Nichols mwenyewe alisimulia kwamba baada ya mwaka wa kwanza alitaka kuacha kazi hiyo, akakutana na Martin Luther King, ambaye alimwambia kuwa yeye na jamaa yake humtazama, na kwamba asiondoke. Mae Jemison, mwanamke wa kwanza mweusi wa Marekani kwenda anga za juu, katika Septemba 1992, alisema kwamba Uhura alimtia moyo tangu utotoni. Na akiwa humo chomboni alianza zamu zake kwa kutamka maneno ambayo Uhura hutumia anapofungua mawasiliano. Watu hao walivutwa na alichokiona jicho: mwanamke mweusi ameketi mahali pa madaraka, wala si mtumishi wa mtu. Jambo hilo lilikuwa kubwa katika nchi yao na wakati wao, wala halipunguzwi thamani hapa. Lakini msemaji wa Kiswahili huingia katika kisa hiki kwa mlango mwingine, na kwanza hukutana na jina.

Kwa maelezo ya Nichols, siku alipokwenda kujaribiwa alikuwa na kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, riwaya ya 1962 juu ya Kenya. Gene Roddenberry, mwenye tamthilia, akalipenda neno hilo, likabadilishwa mwishoni ili lifae kuwa jina la mwanamke. Mwanafunzi wa sarufi atapinga mara moja. Uhuru ni nomino ya dhana yenye kiambishi u-, iliyojengwa juu ya huru, ambalo asili yake ni hurr la Kiarabu. Na Kiswahili hakigawi maneno yake kwa uke na ume, wala vokali ya mwisho haimgeuzi mtu kuwa mwanamke. Mpinzani huyo ana haki, lakini asiende mbio. Katika Kiarabu chenyewe mwanamke aliye huru huitwa hurra. Na majina ya watu yaliyotoka huko yameleta Uswahilini jozi zinazojulikana na kila mtu: Saidi na Saida, Rashidi na Rashida, Jamili na Jamila. Basi aliyelikata neno kwa desturi za lugha za Ulaya aliangukia, bila kujua, karibu na mzizi wake. Lililo geni kweli katika Uhura ni kule kubaki kwa u- ya dhana mbele ya jina la mtu: ni kana kwamba mtu aitwe Usaida.

Yafaa kukumbuka pia neno lenyewe lilikotoka. Katika pwani ya zamani huru lilikuwa neno la sheria na la nyumba: mtumwa aliachwa huru, na aliyeachwa huru hakuwa kwa hilo tu sawa na mwungwana. Ni siasa ya miaka ya 1950 iliyolikuza likawa neno la umma mzima, hata tarehe 9 Desemba 1961 Mwenge wa Uhuru ukawashwa juu ya Kilimanjaro. Wamarekani weusi walilipokea likiwa katika hali hiyo ya ushindi, pamoja na maneno mengine. Katika mwaka ule ule wa 1966 Uhura alipotokea mara ya kwanza, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, nayo pia ikaongezewa a moja isiyomo katika kwanza la Kiswahili. Neno uhuru lenyewe, bila kubadilishwa herufi, lilikwenda angani kweli tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, pale setilaiti ya kuchunguza miali ya eksirei ya nyota iliporushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Uhuru.

Turudi kitandani kwa Uhura. Wengi wamekicheka kipande hicho kwa upungufu wake wa kisayansi: kama akili ilifutwa yote, Kiswahili kilitoka wapi? Lawama hiyo si kamili. Mfaransa Théodule Ribot aliandika mwaka 1881 kwamba kumbukumbu zinapoharibika, mpya hutangulia kupotea na za zamani hukawia. Naye Albert Pitres, katika 1895, akichunguza wagonjwa wenye lugha nyingi waliopoteza usemi, aliona kwamba lugha inayorejea kwanza aghalabu ni ile iliyozoewa zaidi. Wachunguzi wa baadaye wamepata mifano mingi isiyofuata kanuni hizo, lakini hakuna anayekana kwamba lugha mbili za mtu mmoja zaweza kupatwa na msiba kwa namna mbili. Mwandishi wa mchezo, John Meredyth Lucas, ama alijua jambo hilo, ama alilibahatisha. Alichokosea si kumwachia Uhura Kiswahili, ila ni kukiacha pale na kuendelea kusema kwamba hana kitu.

Mtazame tena akisoma. Anapofikia neno la Kiingereza la rangi ya buluu, huitamka herufi ya mwisho kana kwamba ina sauti, naye hucheka. Mchezo unataka mtazamaji aone ujinga wa mtoto. Msomaji wa Kiswahili huona jambo jingine: mtu anayesoma kwa kanuni. Katika tahajia ya Kiswahili kila vokali iliyoandikwa hutamkwa, na aliyejifunza kusoma hivyo hana sababu ya kudhani kwamba herufi imewekwa mwishoni ili inyamaze. Kosa hilo ni kosa la mwenye elimu. Kila mwalimu wa kidato cha kwanza amelisikia mara nyingi, na huenda naye alilifanya siku zake.

Hapo ndipo mtazamaji wa Kibamba anapogutuka. Mwaka ule ule wa 1967 Kiswahili kilipewa heshima mpya Tanzania: katika Januari Rashidi Kawawa, Makamu wa Pili wa Rais, alitangaza kitumike katika shughuli za serikali, na kufuatia Elimu ya Kujitegemea kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma. Lakini mlango wa sekondari ulibaki wa Kiingereza. Kwa zaidi ya nusu karne mtoto wa Kibamba alisoma miaka saba akijua hesabu, jiografia na sayansi kwa Kiswahili, akafaulu mtihani wa darasa la saba kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza, akapewa majuma kadha ya mafunzo ya Kiingereza, na kuanza upya kwa sentensi za mbwa na mpira. Usanisinuru anaoujua hauhesabiwi mpaka autaje kwa jina jingine. Katika shule nyingi, akisahau na kujibu kwa Kiswahili, huambiwa lile lile aliloambiwa Uhura, wala si kila mara kwa upole wa muuguzi Chapel. Wengine wamevishwa kibao shingoni.

Wataalamu hawakukaa kimya juu ya hali hiyo. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili, serikali haikukubali. Miaka miwili baadaye Waingereza Criper na Dodd walipima Kiingereza cha wanafunzi, wakaona kwamba katika sekondari nyingi masomo hayafiki kwa wanafunzi kwa sababu ya lugha, ila shauri lao likawa kukiimarisha Kiingereza. Sera ya Elimu ya 2014 iliruhusu Kiswahili katika ngazi zote, lakini sekondari za serikali ziliendelea kama zilivyokuwa. Wapo wazazi wengi, wa Kibamba na kwingineko, wanaotaka iwe hivyo hivyo, na hoja yao si ya kudharauliwa: wanajua kazi zinatangazwa kwa lugha gani. Uhura mwenyewe hangerudi katika kiti chake bila Kiingereza. Wala kufundishwa kwake si dhuluma. Dhuluma imo katika kipimo. Wale walio kando ya kitanda humpima kwa Kiingereza tu, na kwa kipimo hicho yeye ni mtupu, ingawa papo hapo anawajibu kwa lugha yenye ngeli, tungo na karne za mashairi.

Kiswahili cha Nichols katika kipande hicho, na katika sehemu iitwayo "The Man Trap" ya 8 Septemba 1966, ambamo kiumbe mwenye kujigeuza humjia kwa sura ya mwanamume msemaji wa Kiswahili, si cha mwenyeji. Ni maneno machache yaliyofundishwa kwa ajili ya mchezo, na matamshi yake humfanya msikilizaji arudie mara mbili kabla ya kuyaelewa. Katika kibanda chochote watu wangecheka. Lakini kicheko hicho si cha mtu wa nje anayemcheka mgeni. Ni kile cha jamaa anayemsikia ndugu aliyekulia mbali akijaribu. Katika "The Man Trap" kiumbe yule humnasa Uhura kwa kumsemesha lugha ya kwao, kwa kuwa katika merikebu nzima hana mwingine wa kuisema naye. Upweke huo wa lugha waujua kila mtu aliyehama.

Mwishoni mwa "The Changeling", Nomad akiisha kuangamizwa, daktari humpa nahodha habari za mgonjwa: Uhura amekwisha fikia kiwango cha chuo, na ndani ya juma moja atarudi kazini. Nahodha huridhika. Hakuna amwulizaye daktari yale maneno mengine yalikuwa ya lugha gani.