Furukombe, Ndege Anayetupimia Maji ya Mto

Mwaka 1871 David Livingstone alipofika Nyangwe, alikuta soko kubwa kando ya Lualaba, kina mama wakishuka mitumbwini na samaki, vyungu na mazao ya shamba. Samaki wa mto huo wana mlaji mwingine asiyefika sokoni: furukombe, tai mwenye kichwa cheupe na tumbo la kahawia nyekundu. Tusimchanganye na tumbusi wa michikichini, mweupe pia, ambaye chakula chake kikuu ni tunda la mchikichi.

Mtaalamu wa ndege wawindaji anamfuata furukombe kwa sababu anakula tunachokula sisi. Tuchukue mfano wa zebaki. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia kunasa chembe za dhahabu, kisha huichoma. Mvuke wake hurudi ardhini na mtoni, na kwenye tope bakteria huigeuza kuwa sumu inayoingia mwilini kwa urahisi na kutoka polepole. Kidagaa hupata kidogo, samaki anayekula vidagaa vingi hupata zaidi, na anayemla samaki huyo, awe tai au mtu, hubeba mzigo wa wote.

Sumu hiyo hushambulia ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni ndiye huumia zaidi. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, paka walipata kifafa na ndege walianguka kabla watu hawajaelewa kilichowapata.

Hapa kwetu, Kabambare ni nchi ya dhahabu. Dhahabu ya Namoya, iliyoko huko, inajulikana tangu enzi za Wabelgiji. Mto Luama hupita huko kabla ya kuingia Lualaba. Ndiyo maana afya ya furukombe si habari ya ndege peke yake.

Kazi yenyewe haihitaji mitambo mikubwa. Alfajiri mtaalamu hupanda mtumbwi na mvuvi anayeujua mto, darubini shingoni, akihesabu tai waliotua na kusikiliza mlio wao. Huandika mahali pa kila kiota, kwa kuwa jozi moja huweza kukirudia mwaka baada ya mwaka. Huhesabu makinda, maana kiota kisichotoa kinda misimu kadhaa ni onyo. Chini ya mti huokota manyoya yaliyodondoka. Unyoya unapoota hulishwa na damu, na zebaki iliyomo hunasa humo; ukishakomaa, haibadiliki. Maabara huusoma bila ndege kuguswa.

Kazi hiyo huharibika tai wakipigwa manati au bunduki. Furukombe hutaga kwa kawaida mayai mawili, huyaatamia wiki sita hivi, na kinda huchukua miaka minne au mitano kuwa tai kamili. Ukimuua mkubwa mmoja, pengo halizibiki upesi.

Kwa msomaji wa Nyangwe na Kasongo: zebaki isichomwe jikoni wala karibu na watoto. Mama mjamzito achague samaki wadogo kuliko wakubwa wanaokula wenzao. Na ukiona kiota cha furukombe juu ya mti wa kando ya mto, usiukate mti huo. Siku tai atakapoacha kulea makinda hapo, chunguzeni samaki kwanza kabla ya kumlaumu ndege.