Mfereji wa Paa: Hesabu Kabla ya Kununua

Mjini Dodoma mvua ya mwaka ni takriban milimita 570, nayo hunyesha hasa kati ya Desemba na Aprili. Milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita mraba 1 huwa ni lita 1 ya maji. Hivyo paa linalofunika mita 10 kwa 8 hupokea lita 45,600 kwa mwaka. Mfereji wa paa, ambao mafundi huuita gata, usipochaguliwa sawasawa, sehemu kubwa ya maji hayo humwagika, huchimba msingi na kulowesha kuta, ilhali tangi hubaki nusu.

Ni kosa kuchagua mfereji kwa kuangalia mvua ya mwaka. Linalohusika ni mvua ya dakika moja. Mvua ya dhoruba huweza kushusha milimita 2 kwa dakika. Kama paa hilo lina pande mbili zilizo sawa, kila upande hukinga mita mraba 40. Basi kila mfereji hauna budi kupitisha lita 80 kwa dakika, yaani ndoo nne za lita 20. Eneo hupimwa kwa ardhi iliyofunikwa na paa, wala si kwa urefu wa mabati yaliyoinama.

Kanuni nyepesi ni hii: kila mita mraba 1 ya paa ipewe angalau sentimita mraba 1 ya mdomo wa mfereji. Mfereji wa nusu duara wenye kipenyo cha sentimita 10 una sentimita mraba 39 tu. Wa sentimita 12 una zaidi ya 56. Kipenyo kimeongezeka kidogo, lakini nafasi imekaribia kuongezeka kwa nusu, kwani eneo hufuata kipeo cha pili cha kipenyo.

Mfereji uinamishwe sentimita 1 kwa kila mita kuelekea kwenye bomba la kuteremshia maji. Maji yakituama, mbu huzaliana, na bati hushika kutu. Plastiki haishiki kutu, lakini hutanuka kwa joto na huchakazwa na jua. Mwanzi uliopasuliwa ni rahisi kupatikana, ila huoza upesi.

Wanafunzi wenye futi ya kupimia na daftari waweza kuikagua hivyo mifereji ya shule yao kabla ya mvua kuanza.