Kuvunjika Nyonga kwa Wazee: Neno Lake na Tiba Yake

Katika somo la sehemu za mwili, ambalo karibu kila mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza huanza nalo, tunashuka kutoka kichwani hadi mabegani, kifuani na kiunoni, kisha tunaruka hadi gotini. Nyonga tunaiacha. Tukiitaja ni kwa ajili ya ngoma, kwamba fulani anajua kukata nyonga. Lakini ikivunjika nyonga ya mzee, maisha yake yote hubadilika, na mara nyingi neno ambalo jamaa wanalitumia kwenye simu ndilo linaloamua kama atafikishwa hospitali siku ile ile au baada ya wiki tatu. Ndiyo maana tumeonelea kulieleza jambo hili katika jarida la idara ya lugha.

Tuanze na mfupa wenyewe. Nyonga ni kiungo kinachokutanisha fupanyonga na fupa la paja, ambalo ni refu kuliko mifupa mingine yote mwilini. Ncha yake ya juu ina kichwa cha mviringo kilichokaa ndani ya kikombe cha fupanyonga. Chini ya kichwa kuna shingo iliyolala upande, na chini ya shingo kuna vinundu viwili ambako misuli mikubwa imejishikiza. Daktari akisema mgonjwa amevunjika nyonga, kwa kawaida anamaanisha ncha hii ya juu ya fupa la paja, na wala si fupanyonga. Kiuno hakimo kabisa, ingawa watu wengi husema “ameumia kiuno” na muuguzi anayesikiliza huenda akadhani ni maumivu ya mgongo.

Wanaovunjika hivi ni wazee, na takriban robo tatu yao ni wanawake. Sababu ni kwamba baada ya hedhi kukoma, mifupa ya mwanamke hupoteza uzito wake upesi, ikawa kama ubao ulioliwa na mchwa: kwa nje mzima, kwa ndani matundu. Kwa mfupa wa namna hiyo haihitajiki ajali ya gari. Inatosha kuteleza kwenye sakafu yenye maji, kujikwaa kwenye kizingiti, au kuamka usiku kwenda msalani gizani. Mtoto wa jicho asiyetibiwa na dawa zinazoleta kizunguzungu huongeza hatari.

Dalili zake si za kificho. Mzee ameanguka na hawezi kusimama, maumivu yako kwenye kinena, mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje. Walakini wako wachache ambao vipande vya mfupa vimeingiliana vikashikana, nao huendelea kutembea kwa kuchechemea siku kadhaa. Hata picha ya eksirei inaweza isioneshe ufa huo, na maumivu yakizidi inabidi mgonjwa apigwe picha ya MRI.

Hapa ndipo penye tatizo la lugha. Neno linalosikika mno nyumbani ni “ameteguka”. Kuteguka ni kiungo kutoka mahali pake, na katika fikira za watu tiba ya kuteguka inajulikana: kukandwa kwa maji ya moto, kuvutwa, kufungwa kitambaa, na kupumzika. Lakini nyonga aliyozaliwa nayo mtu imefungwa kwa kano nene sana, na kwa kawaida huhitaji nguvu kubwa, kama ya ajali ya barabarani, ndipo iteguke. Kwa hiyo mzee aliyeanguka akiwa amesimama tu, kisha akashindwa kuinuka, tumhesabu amevunjika mpaka picha iseme vinginevyo. Tungependa wanafunzi wetu, ambao wengi huzungumza Kiganda, Kinyankole au Kiacholi nyumbani na ndio hutumwa kueleza mambo hospitalini, waijue tofauti hii ya vitenzi viwili vizuri kuliko hata ngeli za majina.

Hatuwadharau waganga wa kuunga mifupa. Miundi mingi iliyovunjika imepona mikononi mwao kwa gango na subira. Nyonga ni jambo jingine. Imezikwa ndani ya nyama, hakuna gango linaloifikia, na misuli ya paja huivuta ncha iliyovunjika kwenda juu kila mgonjwa anapojitikisa.

Isitoshe, mahali palipovunjika pana maana kubwa. Mpasuaji Mwingereza Astley Cooper alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1822 kwamba kuvunjika ndani ya mfuko wa kiungo, yaani shingoni, si sawa na kuvunjika nje ya mfuko, kwenye vinundu. Aliona kwamba wa kwanza karibu hawaungi, na wa pili huunga. Ufafanuzi wake ni damu. Mishipa inayolisha kichwa cha fupa la paja hupanda kwa kuambaa shingoni. Shingo ikikatika na vipande vikaachana, mishipa hukatika pamoja nayo na kichwa kinaweza kufa. Kwenye vinundu damu ni tele.

Tiba ya leo bado inafuata mgawanyo huo. Mzee aliyevunjika shingo na vipande vikaachana, hung'olewa kichwa cha mfupa na kuwekewa cha chuma. Akiwa na nguvu na alikuwa akitembea vizuri kabla ya kuanguka, huenda akabadilishiwa na kikombe pia. Vipande vikiwa havijaachana, skrubu chache zinaweza kutosha. Aliyevunjika kwenye vinundu habadilishiwi kitu kwa kawaida: hutiwa skrubu kubwa inayoingia mpaka kichwani ikishikiliwa na bamba kando ya mfupa, au fimbo ya chuma inayopitishwa ndani ya mfupa wenyewe. Watu husema kwa kifupi “amewekewa vyuma”, na hawajakosea. Upasuaji hufanywa kwa ganzi ya mgongoni au kwa nusukaputi.

Swali ambalo kila familia huuliza ni hili: kwa nini mzee wa miaka 80 apasuliwe, asiachwe apumzike? Jibu ni kwamba kupumzika ndiko kunakoua. Zamani, na hata sasa pale ambapo vyuma havipatikani, mguu huvutwa kwa uzito unaoning'inia mwisho wa kitanda kwa wiki nyingi. Katika wiki hizo mzee hupata vidonda vya mgongoni na makalioni, nimonia, maambukizi ya mkojo, na damu huganda katika mishipa ya mguu. Bonge likikatika na kwenda mapafuni linaweza kumuua kwa dakika chache. Misuli nayo huyeyuka. Hata katika nchi zenye hospitali nzuri, kati ya asilimia 20 na 30 ya wagonjwa hawa hufariki ndani ya mwaka mmoja, baadhi yao kwa magonjwa waliyokuwa nayo tangu awali. Upasuaji huondoa maumivu na kumwezesha mzee kukaa na kusimama. Kwa hakika hilo la kusimama ndilo lengo lake kuu, na kuunga mfupa ni njia tu.

Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2011 uliagiza upasuaji ufanyike siku ya kupokelewa au siku inayofuata. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2020, wa wagonjwa 2,970 katika nchi 17, ulilinganisha waliopasuliwa kiasi cha saa 6 baada ya ugonjwa kutambuliwa na waliopasuliwa baada ya saa 24 hivi. Vifo havikutofautiana, lakini wale wa mwanzo walichanganyikiwa akili kwa nadra zaidi na walisimama mapema zaidi. Tunalitaja hili kwa sababu katika hospitali nyingi za ukanda wetu mgonjwa hungoja siku kadhaa, pengine wiki, wakati jamaa wanachanga fedha za vyuma. Wanaochanga wajue kwamba muda huo nao una gharama.

Siku inayofuata upasuaji mgonjwa huinuliwa kitandani na kusimamishwa kwa msaada wa mtaalamu wa tiba ya viungo, akishikilia fremu ya miguu minne na baadaye magongo. Jamaa wakiona hivyo hushtuka na kudhani ni ukatili. Wasimrudishe kitandani. Mzee akianza kusema maneno yasiyoeleweka usiku, asidhaniwe amerogwa. Mara nyingi ni maumivu, upungufu wa maji mwilini, au maambukizi, na daktari aarifiwe mara moja. Sauti ya mtu anayemjua, katika lugha yake ya nyumbani, humtuliza sana, na miwani yake arudishiwe.

Nyumbani kuna shida ambazo vitabu vya Ulaya havizitaji sana. Aliyebadilishiwa nyonga mara nyingi huambiwa, kwa wiki kadhaa za mwanzo, asiikunje kupita pembe mraba wala kukunja nne, kwa kuwa nyonga ya chuma ndiyo hasa inayoweza kuteguka. Sasa fikiria choo cha kuchuchumaa, kigoda cha jikoni, mkeka wa wageni, na mama wa Kiganda aliyezoea kupiga magoti akisalimia. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo kwa mbao chache. Kuhusu kupiga magoti, inafaa watoto wake wawaeleze wageni mapema kwamba mama atawasalimu akiwa kitini.

Linabaki suala la mguu wa pili. Aliyevunjika nyonga moja yuko katika hatari kubwa ya kuvunjika nyingine, na wengi huruhusiwa kwenda nyumbani bila kupewa dawa yoyote ya kuimarisha mifupa. Dawa zipo, za vidonge vya kila wiki na za dripu ya mara moja kwa mwaka. Utafiti wa mwaka 2007 ulionesha kwamba dripu hiyo, yaani asidi ya zoledroniki, ilipunguza kuvunjika upya na hata vifo kwa waliokwisha vunjika nyonga. Siku ya kutoka hospitali, jamaa waulize dawa hiyo kwa jina.