Soseji na Tofaa Kikaangoni: Mlo wa Kijerumani na Afya Yako

Wajerumani wana mazoea ya kupika nyama pamoja na matunda, jambo ambalo wengi wetu huliona la ajabu. Katika eneo la mto Rhein kuna chakula cha kale kiitwacho Himmel und Erde, yaani "Mbingu na Ardhi". Matofaa ndiyo mbingu kwa kuwa huning'inia mtini, viazi ndivyo ardhi, na kando yake huwekwa soseji ya damu iliyokaangwa. Mlo ninaoueleza leo ni ndugu yake mwepesi, nao wote hupikwa katika kikaango kimoja.

Mgonjwa wangu mmoja mwenye shinikizo la damu, ambaye bintiye aliwahi kuishi Ujerumani, aliniuliza iwapo anaruhusiwa kuula. Nilimjibu kwamba anaweza, ila si kila jioni, na kikaangoni soseji iwe mgeni, si mwenye nyumba.

Sababu ninazo. Gramu 100 za soseji aghalabu huwa na karibu gramu 2 za chumvi, ilhali Shirika la Afya Duniani (WHO) lashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Isitoshe, mwaka 2015 taasisi ya shirika hilo ya utafiti wa saratani iliiweka nyama iliyosindikwa miongoni mwa vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani. Ilikadiria kuwa kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Hiyo ni soseji moja tu! Hata hivyo, hatari hii haifikii ile ya sigara, na anayekula soseji mara moja kwa mwezi asikose usingizi.

Kwa watu wanne, chukua soseji nne, matofaa mawili, vitunguu viwili vikubwa na nusu ya kabeji. Weka soseji kikaangoni pamoja na nusu kikombe cha maji, funika, na uziache dakika 10 juu ya moto wa wastani. Maji yakikauka, tia kijiko kimoja cha mafuta na uzigeuzegeuze hadi ziwe na rangi ya kahawia. Zisiungue, kwani nyama iliyobabuka hutoa kemikali zinazohusishwa na saratani.

Ziopoe, umwage mafuta yaliyozidi, kisha ukaange vitunguu katika kikaango kile kile. Fuatisha kabeji, na mwisho matofaa yaliyokatwa vipande. Usiyamenye, maana maganda yana nyuzinyuzi nyingi. Nyunyiza kijiko kidogo cha kisibiti na vijiko viwili vya siki. Chumvi usitie, soseji imekuja nayo. Rudisha soseji, funika, ngoja dakika 10 nyingine. Haradali kidogo mezani yatosha.

Wajerumani wenyewe hupenda kabeji iliyochachushwa kwa chumvi. Ina vitamini C, na ndiyo maana Nahodha James Cook aliipakia melini mwaka 1768 ili kuwakinga mabaharia wake na kiseyeye. Lakini kwa mwenye shinikizo la damu, kabeji ya kawaida kutoka sokoni ni salama zaidi.

Jambo lingine ni kuiva. Soseji mbichi ya nguruwe lazima iive hadi katikati. Nyama ya nguruwe isiyoiva yaweza kumwachia mtu tegu tumboni, na mayai ya tegu huyo, yakisambazwa na mikono isiyonawiwa baada ya kutoka msalani, yaweza kumletea yeye au jamaa zake uvimbe ubongoni na kifafa. Wasiokula nguruwe watumie soseji ya ng'ombe au ya kuku. Mapishi hayabadiliki, wala onyo la chumvi.

Wenye kisukari nao huuliza kuhusu utamu wa tofaa. Nusu tofaa kwa mtu mmoja si tatizo. Mlo huu waule na kiazi kimoja kidogo cha kuchemshwa, si sahani ya chipsi.