Misimbo ya Mpangilio katika Uchapaji wa Nukta Nundu

Mwanafunzi aonaye akipewa karatasi ya mtihani hutambua mara moja swali la saba liko wapi. Jicho lake huruka nafasi tupu na kutua panapotakiwa. Mwanafunzi asiyeona hana mtazamo huo wa jumla. Yeye husoma kwa ncha za vidole, mstari baada ya mstari. Mpangilio wa ukurasa ukivurugika, dakika za mtihani humpotea katika kulitafuta swali badala ya kulijibu.

Maandishi ya nukta nundu, ambayo Mfaransa Louis Braille aliyatangaza mwaka 1829, hujengwa kwa seli yenye nukta 6. Nukta hizo, zikiinuliwa au kuachwa bapa, hutoa maumbo 63, bila kuhesabu seli tupu. Kwa kuwa maumbo ni machache, herufi kubwa hutanguliwa na alama yake, na tarakimu huandikwa kwa herufi a hadi j zikitanguliwa na alama ya namba. Kwa hiyo maneno “Asha 75”, yenye nafasi 7 katika maandishi ya kawaida, huchukua seli 9.

Siku hizi kazi ya kugeuza maandishi hufanywa na programu ya kompyuta. Hebu tuchukue mfano. Mwalimu ataka kichwa “Viumbe Hai” kikae katikati ya mstari wenye nafasi 40. Anahesabu herufi, anabonyeza nafasi tupu 15, kisha anaandika. Katika nukta nundu kichwa hicho huchukua seli 12, si 10. Tayari kimeelemea upande mmoja. Karatasi ikiwa ya seli 30 tu, kichwa kitasukumwa hadi karibu na ukingo wa kulia.

Dawa yake ni msimbo wa mpangilio, yaani agizo lililofichwa ndani ya matini, ambalo programu hulitii bila kulichapa. Katika programu ya DBT, ya kampuni ya Duxbury Systems iliyoanzishwa Marekani mwaka 1975, misimbo huandikwa ndani ya mabano ya mraba: [hds] ni mwanzo wa kichwa, [hde] ni mwisho wake, [p] ni aya mpya, na [pg] ni ukurasa mpya. Programu huhesabu seli baada ya kugeuza maandishi, si kabla. Kichwa chetu kitaachiwa seli 14 kila upande katika mstari wa seli 40, na seli 9 katika mstari wa seli 30. Lakini msimbo wa mwanzo hauna budi kufungwa kwa mwenzake wa mwisho, ama sivyo maelezo yanayofuata yaweza kuchukuliwa kuwa sehemu ya kichwa.

Kanuni kuu basi ni hii: iambie kompyuta kitu hicho ni nini, usiiambie kikae wapi. Katika mpangilio mmoja unaotumika sana, swali huanzia seli ya 1, majibu ya kuchagua huanzia seli ya 3, na mistari ya mwendelezo huanzia seli ya 5. Kidole kikiteremka ukingoni mwa kushoto hukutana na namba za maswali peke yake. Swali la saba hupatikana upesi, kama jicho lilivyolipata.

Mwalimu anayetayarisha mtihani katika programu ya kawaida ya kuandikia yafaa achague mtindo wa kichwa, wa aya au wa orodha uliomo humo, badala ya kubonyeza nafasi tupu mfululizo. Mitindo hiyo programu ya nukta nundu huweza kuigeuza kuwa misimbo. Kisha, kabla ya kuchapa nakala nyingi, ampe nakala ya kwanza msomaji wa nukta nundu aikague. Vidole vyake vitagundua kosa ambalo macho yetu hayalioni.