Wingu la Kompyuta: Daftari za Chama Zimo Wapi?



Mwaka juzi nilifika katika chama kimoja cha msingi, ambacho jina lake sitalitaja, ili kukagua hesabu kabla ya mkutano mkuu wa mwaka. Nilipoomba leja ya wanachama na orodha ya mizani nilijibiwa kwamba kompyuta ya chama imekufa, lakini nisiwe na hofu, kwani kila kitu kiko winguni. Tulipoitafuta njia ya kufika huko winguni tukakuta kwamba akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe na namba ya simu ya katibu aliyekwisha kuacha kazi miezi saba kabla yake. Nywila hakuikumbuka, na ile namba ya simu alikwisha kuiacha. Wakulima wakangojea malipo yao ya pili kwa muda wa wiki sita, nasi tukazunguka nyumba kwa nyumba tukikusanya stakabadhi.

Hapana budi nikiri kosa langu pia. Katika taarifa yangu ya mwaka uliotangulia niliandika kwa mkono wangu kwamba kumbukumbu za chama kile “zimehifadhiwa vema katika wingu.” Niliandika neno nisilolielewa. Ndiyo sababu ya makala haya.

Kwanza, hakuna wingu lolote. Jina hili lilitokana na desturi ya mafundi wa mitambo ya mawasiliano, ambao walipochora mtandao katika karatasi walichora umbo la wingu mahali ambapo hawakuona haja ya kuonyesha yaliyomo ndani. Yaliyomo ndani ni kompyuta ziitwazo seva, ambazo kazi yake ni kutunza kumbukumbu na kuzitumikia kompyuta nyingine kwa njia ya mtandao. Seva hizo hupangwa kwa maelfu katika majengo yaitwayo vituo vya data, yenye walinzi, mitambo ya kupozea hewa na jenereta za kuwashwa umeme unapokatika. Hapa kwetu kipo kituo cha taifa Kijitonyama, Dar es Salaam. Makampuni makubwa ya Marekani yanavyo vituo vyao Johannesburg na Cape Town, na katika nchi nyingi za mbali zaidi. Kwa hiyo mtu asemapo daftari ziko winguni, maana yake ni kwamba ziko katika kompyuta ya mtu mwingine, ndani ya jengo lenye mtaa na mlango, nasi tumepewa ruhusa ya kuzifikia.

Biashara ya kukodisha kompyuta kwa namna hii ilishika kasi tangu mwaka 2006, kampuni ya Amazon ilipoanza kumkodisha mtu yeyote nafasi na nguvu za mitambo yake. Mwaka 2011 taasisi ya viwango ya Serikali ya Marekani, NIST, ilitoa maelezo ambayo mafundi wengi huyafuata hadi leo. Kwa ufupi, mteja hujichukulia huduma mwenyewe bila kumwandikia mtu barua. Huifikia kwa mtandao. Mitambo hutumiwa na wateja wengi kwa pamoja. Huongezwa au kupunguzwa kwa kadiri ya haja. Na matumizi hupimwa, kama maji yapimwavyo kwa mita. Hili la mita lisipuuzwe. Chama kilichozoea kununua kompyuta mara moja na kuitumia miaka minane sasa kitalipa kila mwezi, na mara nyingi ankara huja kwa dola. Yafaa fungu hilo liingizwe katika makisio ya mwaka.

Taasisi hiyo hiyo iligawa huduma katika aina tatu, na hapa ndipo makatibu wengi hupotea. Tufikiri habari ya mazao. Aina ya kwanza, yaani miundombinu, ni kama kukodi ghala tupu: mizani, karani na mpangilio wa magunia ni juu yako. Aina ya pili, jukwaa, ni kama kukodi jengo ambalo mitambo imekwisha kufungwa, nawe waja na ufundi wako tu. Hii ni ya watengenezaji wa programu na haituhusu sana. Aina ya tatu, programu kama huduma, ni kama kupeleka kahawa yako kiwandani ikakobolewa: mitambo si yako, wala hushughuliki nayo, bali unaleta mali na kuchukua matokeo. Barua pepe yenu ni ya aina hii. Hata MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, kwa upande wa chama hutumika vivyo hivyo, kwa maana katibu huingia kwa nywila bila kununua seva.

Pia kuna wingu la umma, ambalo kila mwenye kulipa hutumia. Wingu binafsi, la taasisi moja. La jumuiya, ambalo taasisi zenye haja moja hushirikiana. Na la mseto. Hili la jumuiya, nionavyo mimi, vyama vikuu vyetu vingelifikiria zaidi.

Lakini mfano wa ghala una mpaka wake. Korosho za mwanachama mmoja zikichanganywa na za mwenzake wa daraja lile lile hakuna aliyedhulumiwa. Leja haiwezi kulipwa kwa leja nyingine; ikipotea, imepotea. Tarehe 10 Machi 2021 moto ulizuka katika vituo vya kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja liliteketea lote na jingine likaungua sehemu. Wapo wateja waliopoteza kumbukumbu zao moja kwa moja kwa kuwa hawakuwa na nakala ya akiba mahali pengine.

Hapa kuna maneno mawili yanayochanganywa kila siku. Kulandanisha ni kuifanya kompyuta ya ofisi na akaunti ya winguni zifanane wakati wote. Ukifuta ukurasa wa leja ofisini kwa bahati mbaya, utafutwa na kule. Nakala ya akiba ni ile inayobaki kama ilivyokuwa siku ile, pembeni, hata kama ya asili imeharibiwa. Chama kinacholandanisha tu hakijaweka akiba.

Tena wingu hufikiwa kwa waya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukadhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwao. Kwa sababu hiyo kitabu cha stakabadhi cha karatasi kisiondolewe mizanini.

Kuhusu sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Majina ya wanachama, simu zao na namba zao za benki ni taarifa binafsi. Kumpa mwenye seva kazi ya kuzitunza hakukiondolei chama wajibu wake kwa mwanachama, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Kabla ya kutia sahihi, halmashauri iulize taarifa zitakaa nchi gani, na chama kikitaka kuhama kitazichukuaje.

Nikija safari hii nitauliza akaunti imeandikwa kwa jina la nani, na ni maofisa gani wawili wanaoweza kuifungua. Nitaomba pia nakala ya akiba ya mwezi uliopita ifunguliwe mbele yangu katika kompyuta nyingine. Ikikataa kufunguka nitaandika kwamba haipo.

Chama kile nilichokitaja sasa kina barua pepe yake chenyewe, na nywila imo katika bahasha yenye lakiri ndani ya sefu. Stakabadhi za wakulima wanne hazikupatikana. Halmashauri iliwalipa kwa maneno yao na ushahidi wa majirani.