Kabla hujamkatiza mtoto, mpe dakika mbili

Jioni katika nyumba nyingi mazungumzo huenda hivi. "Shikamoo mama." "Marahaba, shule vipi?" "Nzuri." "Haya, kavue sare, ule, ufanye homuweki." Mzazi anarudi kwenye jiko au simu yake akiamini amezungumza na mwanawe. Ukihesabu maneno, mtoto kasema moja tu ukiacha salamu.

Tukimsifia mtoto kuwa ni "msikivu", tunamaanisha ni mtiifu: akitumwa anakwenda, akikatazwa anaacha. Ni mara chache utasikia mtu akimsifu "mzazi msikivu". Kusikiliza tumekufanya kazi ya mtoto. Hata methali tunazomwambia, kama "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", zinamtaka yeye ndiye atege sikio.

Lakini kuna mambo ya afya na usalama wa mtoto ambayo mzazi atayajua kwa njia moja tu, nayo ni kunyamaza na kumwacha mtoto amalize.

Sekunde 18

Hata wanaolipwa kusikiliza huteleza. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha matokeo ya kuchunguza mazungumzo 74 kati ya madaktari na wagonjwa. Kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Ni katika mazungumzo 17 tu mgonjwa alipata nafasi ya kumaliza kueleza kilichomleta.

Waliachwa wamalize, walichukua muda gani? Wengi hawakufika hata dakika moja, na hakuna aliyezidi dakika mbili na nusu. Utafiti mwingine wa mwaka 1999 ulionyesha kuwa walioachwa wamalize walitumia, kwa wastani, sekunde sita tu zaidi ya waliokatizwa.

Kuna funzo jingine hapo. Jambo ambalo mgonjwa hulitaja kwanza si lazima liwe ndilo kubwa. Mtoto naye ni hivyo. Anaanza na penseli iliyopotea, anapima uso wako, kisha ndipo anafika kwa wavulana wa darasa la saba wanaomnyang'anya hela ya chakula. Ukimkatiza kwenye penseli kwa "mzembe wewe, kila siku unapoteza vitu", hao wavulana hutawasikia.

Wanaonyamaza ni wengi

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana watatu kati ya 10, na mvulana mmoja kati ya saba, walisema waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote. Kwa wavulana, sehemu ya walionyamaza ilikuwa kubwa zaidi.

Mtoto hana maneno ya mtu mzima ya kueleza jambo kama hilo. Atasema, "Sitaki kwenda tuisheni," au "Simpendi anko." Mwingine ataumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi, au ataanza tena kukojoa kitandani wakati alishaacha. Dalili hizi zinaweza kuwa ugonjwa, hivyo mpeleke akapimwe. Zinaweza pia kuwa hofu, na hiyo hakuna kipimo cha maabara kitakachoionyesha. "Acha uvivu" haitibu lolote kati ya hayo mawili.

Anza na haya

Weka simu chini na umtazame. Kama ni mdogo, kaa au chuchumaa macho yenu yalingane.

Tumia "enhe, ikawaje?" Ndivyo tunavyomsikiliza shoga au rafiki anayetupa habari, na kwa mtoto inafanya kazi vilevile. "Kwa nini ulifanya hivyo?" humfanya ajitetee.

Rudia ulichosikia kabla hujatoa ushauri: "Kwa hiyo walikucheka mbele ya darasa, ukaona aibu." Kama umekosea, atakurekebisha. Kama umepatia, ataendelea.

Kama una kazi, sema ukweli. "Namalizia kugeuza chapati hizi mbili, kisha nakuja," ni bora kuliko "mh, mh" ya mtu asiyesikia. Ila uende kweli, maana mtoto ana kumbukumbu ya ahadi.

Tafuta mahali ambapo si lazima mtazamane. Mkichambua mchele, mkifua au mkitembea kwenda dukani, hasa kijana wa miaka 13 na kuendelea huongea kwa wepesi kuliko akiitwa sebuleni "tuzungumze".

Akikuambia zito

Usipige kelele, hata kama moyo unakwenda mbio. Akiona umeshtuka sana anaweza kurudisha maneno yote ndani. Mwambie, "Umefanya vizuri kuniambia, na si kosa lako." Usimuahidi kuwa itabaki siri, kwa sababu utahitaji msaada wa watu wengine. Usimhoji kama askari wala kumtaka arudie mbele ya kila shangazi.

Kama amefanyiwa ukatili wa kingono, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyosaidia. Toa taarifa katika dawati la jinsia na watoto la polisi. Nchini Tanzania na Kenya unaweza pia kupiga namba 116 ya huduma kwa mtoto, bila malipo.

Wengi wetu, Mungu akijalia, tutasikia habari za penseli na mpira tu. Tuzisikilize hizohizo mpaka mwisho. Mtoto aliyezoea kusikilizwa kwenye madogo ndiye atakayekuja mwenyewe siku akiwa na kubwa.